Kilo za Kioko

Supu haikumponya Kioko. Naanza hapa kwa sababu mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Aunty Syombua, kaka yangu huyo alipewa maikrofoni akatangaza mbele ya mahema matatu yaliyojaa watu kwamba yuko hai kwa sababu ya supu ya mbuzi ya huyo mama. Watu wakaitikia amina. Mama Nduku, rafiki wa Aunty tangu usichana wao, akajifuta macho kwa leso. Na mimi, niliyetoa seli zinazotengeneza damu inayozunguka ndani ya huyo bwana aliyekuwa anahutubia, nilikuwa safu ya nne, nyuma ya mwanamke mwenye kofia pana, nikijiuliza kama ni vibaya kumzomea ndugu yako matangani. Ni vibaya. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote hiyo kila hadithi ya supu ilipotolewa kanisani, harusini na kwenye matanga ya watu. Lakini kitabu hiki ni changu, na humu hakuna wa kuninyang'anya maikrofoni.

Wazazi wetu walikuwa Masinga na mifugo yao, na nitawaacha huko kwa sasa. Mwaka ninaousema, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ulipita karibu wote ndani ya nyumba ya Aunty, dada ya baba, mjini Machakos. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, nyuma ya hoteli yake ndogo ya chai, supu na chapati karibu na soko. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa cha kufuma, televisheni nayo ilikuwa na chake, na mtu akikaa vibaya kitambaa kikateleza, Aunty alisimama akakinyoosha huku mgeni akiwa bado ameegemea. Jikoni ndiko alikoishi hasa. Sufuria kubwa ya supu haikushuka motoni tangu alfajiri, na harufu yake ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye blanketi, hata kwenye nywele zangu. Mimi nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta, nikingoja kazi, na msichana anayengoja kazi ni mali ya ukoo mzima. Akiugua mtu, ataitwa yeye. Kukiwa na mgeni wa kupokewa stendi, ataenda yeye. Kwa hiyo Kioko, aliyekuwa fundi wa mashine za kushona katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River, alipoanza kuchoka na kutokwa damu kwenye ufizi, hakuna aliyeuliza nani atamshughulikia.

Alikuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Nairobi kwa dawa za dripu mpaka nywele zikaisha, na ugonjwa ukatulia, lakini daktari alituita mimi na Aunty akatuambia wazi kwamba utarudi. Dawa ya kudumu ilikuwa kupandikizwa, na siku hizo hilo lilimaanisha kwenda India. Nilikuwa nimepimwa na tishu zangu zikaonekana kufanana na za Kioko inavyotakiwa, ingawa makundi yetu ya damu hayakuwa moja. Daktari alieleza polepole, na nilimwelewa tangu siku hiyo. Kwanza watauua uboho wake wote kwa dawa kali. Halafu watamtia kwa mshipa seli shina kutoka kwangu, zile seli mama zinazozaa damu, nazo zitatafuta njia zenyewe mpaka kwenye mifupa zianze kuzaa. Zinahesabiwa, alisema, na kipimo kinafuata uzito wa mgonjwa: kila kilo yake inahitaji mamilioni yake. Zikiwa nyingi, damu mpya inaota upesi. Zikiwa chache inakawia, na wakati wote huo mgonjwa hana kinga yoyote, hata mafua ya kawaida yanaweza kumuua. Aunty aliitikia kila sentensi, mkoba mapajani. Mwishoni aliuliza swali moja tu.

"Daktari, anaweza kula?"

"Ale vizuri," daktari akasema, na mimi nadhani mpaka leo kwamba mtu aliyesomea miaka mingi hivyo angejifunza kutompa Aunty Syombua ruhusa isiyo na mipaka.

Tulikuwa na muda wa kungoja viza na mipango ya hospitali, na huo muda ndio Aunty alioutumia. Asubuhi Kioko alipewa supu ya miguu ya mbuzi, mayai mawili na chapati. Saa nne uji wa wimbi wenye siagi. Mchana muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa nyama, jioni nyama bila muthokoi. Alikuwa anameza vidonge vilivyomfanya awe na njaa na kuvimba uso, kwa hiyo hakukataa kitu. Alikaa kwenye kiti kirefu cha sebuleni, mto mgongoni, sahani kifuani, akitazama mpira, na kila nilipopita alinitazama kwa mbali kama mzee wa kijiji. Suruali zake zilianza kukataa kufungwa. Aunty alizipeleka kwa fundi zikaongezwa kitambaa kiunoni, akarudi nazo akiwa na furaha isiyo kifani.

Mimi nilikula isyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyolala. Simlaumu mtu kwa isyo, ni chakula chetu na nakipenda, lakini siku moja nilinyoosha mkono kwenye bakuli la nyama na Aunty akausogeza ule mkono taratibu, kama anavyosogeza kitambaa kilichoteleza.

"Wewe Mwende uko sawa," akasema. "Hii ni ya mgonjwa. Chukua isyo iko hapo kwa sufuria."

Nilimweleza. Mungu ni shahidi yangu, nilimweleza nikiwa nimesimama na nikiwa nimekaa. Nilimwambia seli zinapimwa kwa kilo zake, kwamba kila kilo anayomwongeza Kioko inaongeza deni ambalo mimi ndiye nitakayelilipa, na kwamba mimi ni mdogo kiasi hiki, tazama huu mkono. Aunty alisikiliza huku akichagua mchele. Kisha akasema, "Sawa, mwana wakwa, lakini hawezi kwenda ng'ambo akiwa ameisha hivyo," akamtilia Kioko supu nyingine.

Jioni moja nilikuwa naanua nguo uani, chini ya dirisha la jikoni, nikamsikia akiongea na Mama Nduku. Mama Nduku alikuwa amesema kitu kuhusu mashavu ya Kioko, kwamba sasa mtoto ana mashavu, na Aunty akacheka kidogo, halafu sauti yake ikashuka. Nikasimama na shuka mkononi.

"Wewe unajua vile walisema juu ya bwana yangu," akasema. "Alikonda tu. Ilikuwa ni tumbo, daktari aliandika ni tumbo. Lakini mtu akikonda hapa Machakos, wameshamaliza hesabu. Hata siku ya kumzika, nilichinja mbuzi nne, nikapika wali, watu wakakuja wakakaa. Hakuna mtu alikula. Wanashika sahani, wanaweka chini. Nyama yote ikaliwa na mbwa ya jirani."

"Najua, Syombua. Nilikuwa hapo."

"Wewe ulikula. Wewe na mchungaji."

"Nilikula."

"Hii mtoto hataitwa hivyo. Akipita hapo sokoni wataona yuko na mwili. Hata kama ni Mungu anamtaka, atamchukua akiwa na mwili."

Wasomaji wangu vijana pengine hawajui miaka hiyo ilivyokuwa. Kukonda kulikuwa na maana moja tu, ukimwi, na watu wakikuona umekonda walikuwa na namna ya kukusalimia wakitazama pembeni. Nilizikunja nguo zote nikiwa nimekasirika na Aunty na nikiwa na huruma naye, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kifuani vinachosha kuliko kimoja. Tangu siku hiyo sikumweleza tena habari za kilo. Ningemweleza nini? Alikuwa anapika dhidi ya mdomo wa mji mzima.

India walimpima Kioko siku ya kwanza. Daktari wetu huko alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyesema Kiingereza haraka mno, na alitazama mizani, akatazama karatasi zilizotumwa kutoka Nairobi miezi michache kabla, akatazama mizani tena. Akamshusha Kioko, akampandisha. Akauliza kama huyu ndiye yule mgonjwa. Nilisema ndiye. Akauliza ni nini kimetokea. Nilifikiria namna ya kumweleza kwa Kiingereza habari za hoteli nyuma ya soko, mbuzi wanne na mbwa wa jirani, nikasema, "Ana shangazi." Aliitikia kwa kichwa kama mtu ambaye naye anaye. Kisha akanitazama mimi, kutoka kichwani mpaka viatuni, na sikuipenda ile namna alivyokunja midomo.

Kwa siku kadhaa walinichoma sindano za kuzitoa seli kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mifupa ya kiuno iliniuma hadi nikashindwa kufunga kamba za viatu. Halafu nikalazwa kwenye kitanda kando ya mashine, damu ikitoka mkono huu, ikizunguka mle ndani, ikichujwa, ikirudi mkono ule. Huruhusiwi kukunja mikono, kwa hiyo pua ikiwasha inawasha. Nililala hivyo karibu siku nzima nikitazama mfuko mdogo ukijaa kitu cha rangi ya juisi ya nyanya, na nilijivunia ule mfuko, nasema kweli. Sijawahi kutoa kitu cha thamani kama kile. Jioni daktari akaja na majibu. Seli zangu zilikuwa nzuri, akasema, na zingemtosha kabisa mgonjwa aliyeandikwa kwenye zile karatasi za Nairobi. Kwa huyu aliyelala chumba cha pili hazikufika alichohitaji. Nikarudi kwenye mashine kesho yake, mishipa ikiwa imechoka, na mfuko wa pili ukawa mwembamba kuliko wa kwanza. Walijumlisha, wakagawanya kwa kilo za Kioko, kila moja ya zile kilo, pamoja na zile za uji wa siagi. Daktari akavua miwani.

"Inavuka mstari wa chini," akasema. "Itafanya kazi, nafikiri. Lakini itakawia, na kukawia ndiko kunakoniogopesha."

Seli zangu ziliingia ndani ya Kioko kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Alikuwa kwenye chumba cha peke yake chenye mlango wa kioo, mdomo umejaa vidonda, hawezi hata kumeza mate. Kando ya mlango kulikuwa na ubao ambapo muuguzi aliandika kila asubuhi idadi ya chembe nyeupe za damu. Kila asubuhi aliandika sifuri, duara moja safi, kwa kalamu ya buluu. Wagonjwa waliopandikizwa pamoja naye, namba zao zilianza kupanda, wakatoka. Wengine waliingia baada yake, nao namba zikaanza kupanda. Nilizichukia namba za watu. Nilikuwa nasimama mbele ya ule ubao nikizisema seli zangu kimoyomoyo, nikiziambia zifanye kazi, zisiniaibishe. Na kila siku, bila kukosa, simu ilipigwa kutoka Machakos, laini ikikwaruza, na sauti ya Aunty ikauliza swali lile lile.

"Anakula?"

"Hali, Aunty. Hawezi."

"Si muulize hao watu kama wako na mbuzi."

Nilikuwa naweka simu chini naenda kusimama chooni mpaka hasira ziishe. Yule mtu alikuwa anakufa. Niliandike hivyo hivyo, kwa sababu wakati ule hakuna aliyethubutu kulisema: kaka yangu alikuwa amekaa katikati, uboho wake umeuawa na wangu haujaota, na kilichokuwa kinamtenganisha na kaburi ni seli ambazo hazikutosha. Halafu asubuhi moja nilikuta pale kwenye ubao hakuna duara. Ilikuwa namba ndogo mno, na desimali mbele yake, na muuguzi alikuwa ameipigia mstari chini. Nilikaa kwenye sakafu ya ule ukumbi nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani namba zikiwa bado za chini, kwa masharti. Asishikwe mikono. Asikae na watu wengi. Ale chakula kilichopikwa sasa hivi, kwa ajili yake, si kilicholala wala kilichochotwa kwa kijiko cha kila mtu. Masharti hayo yalisomwa na mimi, yakatunzwa na mimi, katika mji ambao mgonjwa akirudi kutoka ng'ambo watu huja kwa makundi kumpa mkono na kumwombea huku wamemshika kichwa. Niliweka kiti changu mlangoni mwa chumba chake, na hapo ndipo nilipoishi. Nilizuia akina mama wa kanisa. Nilizuia wafanyakazi wenzake wa Athi River waliokuja na soda na kuniita "mathe wa gate", yaani mama wa geti. Nilizuia hata mchungaji, aliyeombea mlango kwa muda mrefu sana. Nilisikia yaliyosemwa sebuleni, kwamba huyu msichana amekwenda India akarudi na majivuno.

Aunty alikuja na chupa kubwa ya chai iliyojaa supu ya hoteli.

"Aunty, hiyo imekaa tangu asubuhi."

"Iko moto."

"Imekaa. Imechotwa na watu. Mimi nitampikia nyingine sasa hivi."

"Wewe ni nani kunikataza mtoto wangu? Nilikuwa namlisha kabla uzaliwe."

"Ulimlisha sana ndio maana tuko hapa," nikasema, na nilisema kweli, na sijawahi kujutia. Aliweka chupa sakafuni katikati yetu akaondoka. Niliimwaga.

Nilichosahau ni kwamba chumba kina dirisha, na kwamba mgonjwa mwenyewe hakuwa upande wangu. Siku hiyo hiyo nilitoka kwenda kuchemsha maji, nikarudi nikamkuta Kioko ameegemea dirisha, bakuli mkononi, supu ikimtiririka kidevuni, na nje mkono wa Aunty ukipokea kijiko.

"Acha zako, sista," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimechoka na hiyo uji yako ya hosi. Iko na ladha ya karatasi."

Joto lilimpanda usiku, asubuhi alikuwa anatetemeka kitanda kikagonga ukuta. Tulimkimbiza hospitali kubwa ya mjini, tumbo likiwa limeharibika vibaya, na daktari alipoona idadi ya chembe zake akaniuliza kwa nini ziko chini namna hiyo baada ya muda wote huo. Nikamwambia zilizowekwa zilikuwa chache. Akaita Nairobi, akaita India. Walimtia dawa za kuua vijidudu kwa mishipa miwili kwa pamoja. Mimi na Aunty tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba wake mapajani kama siku ile ya kwanza. Hakuulizwa kitu na hakujitetea. Nilikuwa na maneno tayari, yamepangwa kabisa, na nilipomgeukia nikaona amevaa viatu viwili tofauti, kimoja cheusi kimoja cha kahawia, na hajui.

"Hizo mbegu zako," akasema bila kunitazama, "haziwezi ongezwa?"

"Zinaweza. Lakini ni huko, na lazima afike akiwa hai."

Machela ikapita, na mwanamke mwenye ndoo. Baadaye sana akasema, "Basi ni wewe ungekula."

Sasa, hata hilo halikuwa sahihi. Ningekula mbuzi wote wa Machakos, idadi ya seli zangu isingebadilika kwa kiasi cha kusaidia. Tatizo lilikuwa kilo zake, si zangu, na nilikuwa nimeeleza hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nilikuwa nimechoka mno. Nikasema, "Ndio, Aunty," na hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipozungumza jambo hilo.

Joto lilishuka. Zile seli chache, kwa ukaidi ambao napenda kuamini zilirithi kwangu, ziliendelea kuzaana mle mifupani, na kufikia mwisho wa mwaka namba za Kioko zilikuwa za mtu wa kawaida. Hata kundi lake la damu lilibadilika likawa langu. Nilipata kazi, nikatoka kwenye kile kiti cha mlangoni. Na Jumapili ya kwanza Kioko aliyoruhusiwa kwenda kanisani, Aunty alisimama kutoa ushuhuda wa supu, mashavu ya mtoto yakionyeshwa kama kielelezo, na kwa miaka ishirini na zaidi nikaacha kula kwake. Nilikunywa chai, nikasema nimeshiba.

Kwa hiyo mnielewe nilivyokuwa nimekaa pale mazikoni, safu ya nne. Kioko alimaliza hotuba, jeneza likashushwa, sala ikafungwa, na watu wakapanga foleni ya chakula. Ilikuwa foleni ndefu. Ilizunguka mahema, ikapita kaburi, ikafika barabarani. Watu walikuwa wanarudi mara ya pili na kukemewa na wapishi. Mama Nduku alikuwa amekaa kando, sahani mapajani, akiitazama ile foleni na kutabasamu peke yake, na nilijua anachohesabu.

Kioko akaja akipepesuka kidogo kwa unene, sahani mbili mkononi. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa nyama tupu, mlima wa nyama, ubavu, mguu, bila hata wali wa kuificha aibu. Akaniwekea mapajani.

"Kula."

"Umesema uongo kwa maikrofoni," nikamwambia. "Mbele ya maiti."

"Najua." Akaketi, kiti kikalia. "Sasa ningesema nini, Mwende? Ati huyu mama karibu aniue? Leo? Kula basi. Niko na damu yako, na mimi sijawahi kukuona ukipewa nyama kwa hiyo nyumba."

Nilimtazama, huyu mzee mwenye mashavu. Nikamtazama Mama Nduku, ambaye sasa alikuwa ananitazama mimi na sahani yangu, akingoja.

Nikala. Nilikula yote, mafuta nayo, nikamtuma Kioko aniletee supu.